Kuunda baiskeli ya mbio kwa barabara za Mwanza: fremu ya nini, vipuri gani

Ingia duka la vipuri vya baiskeli Mwanza mjini, omba tairi namba 28. Kuna uwezekano mkubwa utapewa 28 x 1½, tairi la ile baiskeli nyeusi ya kubebea mkaa na viroba. Ukilivisha kwenye ringi ya baiskeli ya mbio linapwaya. Pale tairi linapokaa, ringi ya baiskeli ya mizigo ina kipenyo cha milimita 635. Ya baiskeli ya mbio, inayoandikwa 700C, ina milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi halishiki. Mkanganyiko unazidi kwa kuwa yapo matairi ya 622 ambayo nayo yameandikwa 28 ubavuni: 28 x 1⅝. Namba isiyodanganya ni ile ndogo yenye kistari, kama 32-622. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi.

Anayenunua baiskeli nzima dukani hakutani na haya, kwa sababu kiwanda kimeshamlinganishia kila kitu. Anayenunua fremu peke yake, kisha akakusanya vipuri kimoja kimoja, analinganisha mwenyewe. Vipuri viwili vizuri vinaweza kukataana kabisa, na kukiagiza kingine kutoka nje ni wiki kadhaa baiskeli ikiwa imening'inia ukutani. Kwa hiyo kila kipuri hapa tunakipima kwa swali moja: kikiharibika ukiwa Magu au Misungwi, nani atakitengeneza, na kwa kifaa gani?

Anza na tairi

Wengi huanza na "kaboni au chuma?" Swali hilo lina nafasi yake, lakini linatanguliwa na upana wa tairi. Tairi ndilo linaloamua nafasi inayohitajika kwenye uma wa mbele na kwenye mapaja ya nyuma ya fremu; nafasi hiyo inaamua aina ya breki; breki inaamua fremu. Fremu ikishatengenezwa, hakuna atakayeipanua.

Barabara ya Musoma inayopita Igoma, Kisesa na Magu ni lami, na ya Shinyanga inayopita Buhongwa, Usagara na Misungwi ni lami pia. Lakini ni lami yenye matuta na rasta, na lori likikupita karibu unashuka pembeni kwenye mchanga na kokoto. Tairi la milimita 23 halifai hapa. Milimita 28 ndicho kiwango cha chini, na 32 ndiyo tunayopendekeza. Mwendeshaji wa kilo 75 ajaze psi (kipimo cha upepo wa tairi) 75 hadi 80 kwenye tairi la 28, au psi 60 hivi kwenye la 32. Ujazo huo wa hewa ndio unaomeza mtikisiko wa rasta. Ukitoka tairi la 25 kwenda la 32, mgongo utahisi nafuu kubwa kuliko ukitoka fremu ya alumini kwenda ya titani, tena kwa sehemu ndogo sana ya bei.

Agiza fremu inayopokea tairi la 32 na kubakiza angalau milimita 5 za hewa kila upande. Zikibaki milimita 2 tu, siku ya masika tope jeusi la mbuga litajibana kati ya tairi na fremu, gurudumu ligome, na punje za mchanga zikwangue rangi hadi kwenye paipu yenyewe.

Sasa breki. Breki za ringi za kawaida zenye mikono mifupi (milimita 39 hadi 49) hazipitishi tairi la 32. Zenye mikono mirefu, 47 hadi 57, zinapitisha. Breki ya diski haijali upana wa tairi, na faida yake kubwa kwetu ni kwamba mchanga hausagi ringi. Kwenye breki za ringi, punje za mchanga hunasa ndani ya raba na kugeuka msasa. Pitisha kucha kwenye ukuta wa ringi: ukihisi umebonyea kama sahani, ringi imekwisha, na siku moja itapasuka kwa upepo wa tairi lenyewe.

Diski za waya hukazwa na fundi yeyote anayejua waya wa breki. Za mafuta zina nguvu zaidi na vidole havichoki kwenye mteremko wa Bugando au Isamilo, ila uwe na vifaa vyako vya kutoa hewa na jozi 2 za pedi za akiba. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Kuna za kampuni nyingine zinazotumia DOT, kama ya gari. Ukijaza DOT kwenye mfumo wa mafuta ya madini, sili za mpira zinavimba na breki inakufa. Kwa fundi aliyezoea pikipiki kosa hilo ni rahisi sana, kwa hiyo mwambie mapema.

Ukishachagua breki umechagua na ekseli. Fremu nyingi za breki za ringi zina nafasi ya milimita 130 nyuma na 100 mbele, ekseli inakazwa kwa wenzo. Fremu za diski za siku hizi zina ekseli nene ya milimita 12 inayopenya moja kwa moja: 142 nyuma, 100 mbele. Magurudumu ya fremu za breki za ringi hayaingii kwenye fremu hizo za diski, wala ya diski kwenye za ringi, hata yakiuzwa bei ya kutupa.

Chuma, alumini, titani, kaboni

Utasikia kwamba chuma ni laini, alumini ni gumu, titani ina uhai. Angalia namba. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85, titani 4.5, alumini 2.7. Ukakamavu, yaani jinsi metali inavyokataa kupinda, ni gigapaskali 200 hivi kwa chuma, 110 kwa titani na 70 kwa alumini. Ugawanye ukakamavu kwa uzito: zote tatu zinakaribiana sana. Gramu kwa gramu, hakuna iliyo ngumu kuliko mwenzake.

Tofauti inatoka kwenye kipenyo cha paipu. Chukua paipu ya chuma ya chini, ile inayoshuka kutoka kwenye usukani kwenda kwenye krenki, yenye kipenyo cha milimita 28.6. Weka pembeni yake ya alumini yenye milimita 40 na ukuta wa unene uleule. Ukakamavu wa paipu nyembamba ukuta hupanda kwa kipenyo mara tatu yenyewe, kwa hiyo 40 gawanya kwa 28.6 inakupa 1.4, na 1.4 x 1.4 x 1.4 ni karibu 2.74. Alumini ilianza ikiwa na theluthi ya ukakamavu wa chuma. Kipenyo kimeirudishia karibu yote. Na uzito wake? Haufiki hata nusu. Viwanda huongeza tena unene wa ukuta, na hapo fremu ya alumini inakuwa ngumu kuliko ya chuma. Ugumu unaousikia mgongoni umetoka kwenye umbo la paipu.

Kwa nini chuma nacho kisitumie paipu ya milimita 40? Kwa sababu ili uzito usipande, ukuta ungepaswa kuwa mwembamba mno, na chini ya milimita 0.4 paipu hubonyea kama kopo la soda. Mipaka hiyo ndiyo inayoipa kila metali sura yake.

Chuma kinachofaa ni kromoli, mara nyingi kinaandikwa 4130, au paipu za Reynolds za Uingereza na Columbus za Italia. Paipu nzuri zina kuta nene miishoni, zinapoungwa, na nyembamba katikati: kwa mfano milimita 0.8, kisha 0.5, kisha 0.8 tena. Fremu ya namna hiyo ina kilo 1.7 hadi 2.2. Ya kaboni ina kilo moja au chini kidogo. Hiyo kilo moja inaogopwa kuliko inavyostahili. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa kilo 80, kwenye mlima wa kilomita 2 wenye mwinuko wa asilimia 6, akikanyaga kwa wati 200, atatumia dakika 9 na ushei. Punguza kilo moja: ataokoa sekunde 7 hivi. Kwenye mashindano sekunde 7 ni nyingi. Kwa anayetoka Igoma alfajiri na kurudi kabla ya kazi, si sababu ya kulipa mara tatu.

Chuma kina sifa mbili ambazo kwetu zina thamani kubwa. Ya kwanza: mkazo ukikaa chini ya kiwango fulani, chuma hakichoki hata kikitikiswa mara milioni. Alumini haina kiwango hicho. Kila rasta inahesabiwa, ingawa mtengenezaji mzuri huacha ziada ya kutosha kwa miaka mingi. Ya pili: kinatengenezeka. Fundi mwenye mtungi wa gesi na vijiti vya shaba anaweza kuunga sehemu iliyoachia. Mwambie jambo moja tu: asitumie welding ya umeme ya vijiti, ile ya magrili na mageti. Ukuta wa milimita 0.5 unatoboka kabla hajafumba jicho, na hata usipotoboka, chuma kilicho pembeni mwa mshono kinakuwa kikavu na kitakatika hapo hapo.

Kutu? Hapa tuna bahati ambayo Dar es Salaam hawana. Ziwa Victoria ni maji yasiyo na chumvi, na upepo wake hauli fremu kama wa bahari. Kutu ya Mwanza hutoka ndani ya paipu, maji ya mvua yanapoingia kwa juu kwenye bomba la kiti na kutuama penye krenki. Hakikisha fremu ina tundu la kutolea maji chini ya krenki. Kabla hujafunga vipuri, mimina mafuta ya kuzuia kutu ndani ya paipu zote na uzungushe fremu yaenee. Baada ya mvua kubwa chomoa kiti, pindua baiskeli, iache hadi asubuhi. Chumvi pekee ya kuogopa ni jasho lako linalodondokea paipu ya juu na bolti za usukani.

Alumini ni chaguo la heshima kwa bei nafuu: kilo 1.2 hadi 1.5, na haina kutu. Ikipasuka, basi. Alumini ya 6061 baada ya kuungwa hupashwa moto hadi nyuzi joto 530 hivi, huzamishwa ipoe ghafla, kisha huokwa kwa saa kadhaa ili irudishe nguvu. Atakayekuunganishia mtaani bila hatua hizo anakurudishia fremu iliyopoteza karibu nusu ya nguvu pale pale inapozihitaji.

Titani tutaipita haraka. Haishiki kutu kabisa, ni nzuri kwa macho, inadumu. Lakini kuiunga kunataka gesi ya argoni nje na ndani ya paipu. Ikivuta hewa ikiwa ya moto inakuwa kavu kama kioo. Faida yake kubwa ni kwa watu wa pwani, na bei yake ni ileile kwa wote.

Kaboni ndiyo inayotawala mbio za kulipwa, na kwa haki. Nyuzi zake hupangwa upande unaotaka nguvu, kwa hiyo fremu moja inaweza kuwa ngumu penye krenki na ikakubali kunesa chini ya kiti. Udhaifu wake ni kugongwa na kubanwa kwa upande. Fikiria safari ya kwenda mashindano Shinyanga: baiskeli imelazwa kwenye buti la basi, juu yake dumu la mafuta, kamba imekazwa kwenye paipu ya juu. Chuma kingetoka na mkwaruzo. Kaboni inaweza kutoka ikiwa safi kwa nje huku tabaka za ndani zimeachana. Chukua sarafu, gonga taratibu kila sentimita 2 kuzunguka sehemu unayoitilia shaka. Mlio mkali unaofanana kote ni mzuri. Ukifika mahali ukageuka kuwa mzito, kama unagonga mbao iliyooza, usiipande hiyo baiskeli.

Kwa wengi tunashauri fremu ya kromoli na uma wa kaboni. Uma wa kaboni unapunguza gramu 300 au zaidi kulinganisha na wa chuma, na ukiharibika unabadilishwa peke yake.

Pale krenki inapozunguka

Hili usikubali kushawishiwa: agiza fremu yenye bomba la krenki la nyuzi kama za skrubu, aina ya BSA, upana wa milimita 68. Fremu nyingi za kisasa zina beringi za kushindiliwa bila nyuzi. Tundu likizidi hata kwa sehemu ndogo ya milimita, vumbi linaingia, na kila ukikanyaga unasikia kelele ya kitanda kibovu. Ya nyuzi hufunguliwa kwa spana na kurudishwa nusu saa baadaye. Kikombe cha kulia, upande wa mnyororo, kina nyuzi za kinyume: kukaza unazungusha kinyume na saa. Fundi asiyejua hilo ataegemea spana kwa nguvu zake zote huku anakaza zaidi, hadi nyuzi za fremu ziharibike.

Bomba la kiti liwe la milimita 27.2, saizi inayopatikana kirahisi kuliko nyingine. La alumini likiingia kwenye fremu ya chuma lipakwe grisi kwanza, la sivyo misimu miwili ya mvua inatosha kuyagandisha yawe kitu kimoja. La kaboni halipakwi grisi. Lina krimu yake yenye chengachenga, na bolti yake inakazwa kwa spana ya kupimia, kawaida nyutoni-mita 5 hivi. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kipuri.

Magurudumu

Spoku 32 kila gurudumu, zimepishanishwa mara tatu, chuma kisichoshika kutu, nati za shaba. Gurudumu la spoku 20 likikatika moja, ringi inapinda hadi inasugua fremu, na umekwama Nyanguge ukisubiri lifti. La spoku 32 linayumba kidogo, unafungua breki kidogo, unafika nyumbani. Nunua spoku 6 za akiba siku hiyohiyo unayonunua magurudumu, kwa sababu kwa nyuma urefu wa upande wa mnyororo unapishana na wa upande wa pili: ni milimita 1 au 2 tu, lakini hauchanganywi.

Habu, yaani vitovu vya magurudumu, ziwe za gololi zinazofunguliwa. Za Shimano za namna hiyo huchukua gololi 10 za inchi 3/16 kila upande mbele, na 9 za inchi ¼ kila upande nyuma. Ni saizi zilezile zinazotumika kwenye baiskeli za kawaida, na bei yake haiumizi. Fungua habu kila baada ya masika, osha kwa mafuta ya taa, badilisha gololi zote kwa pamoja, weka grisi mpya.

Ringi ndefu za milimita 50 zinavutia, lakini ziwa lina upepo wake. Mchana unavuma kutoka majini kwenda nchi kavu, na kwenye barabara iliyo wazi unakupiga ubavuni. Kwenye daraja la Kigongo–Busisi, karibu kilomita 3 juu ya maji, ringi za namna hiyo zinageuka tanga. Milimita 30 zinatosha.

Jambo la tyubu: tundu la ringi nyingi za mbio lina milimita 6.5, kwa valvu nyembamba. Tyubu ya baiskeli ya mizigo ina valvu ya tundu la milimita 8, haipiti. Beba tyubu 2 zako, kiraka na solusheni, pamoja na kichwa kidogo cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba ikubali pampu ya mtaani.

Gia

Mbele meno 50 na 34, nyuma kaseti (rundo la vigurudumu vya meno) ya 11 hadi 34. Kwenye gia nyepesi kabisa, 34 kwa 34, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 2.15 hivi, mlima wowote wa Mwanza unapandika umekaa. Kwenye 50 kwa 11 ni karibu mita 9.8.

Ngapi nyuma? Vipuri vya gia 12 ni vizuri, ila mnyororo wake ni mwembamba na hauvumilii vumbi wala marekebisho ya kukisia. Kwa hapa tunaipendelea Shimano Sora ya gia 9, au Claris ya gia 8, kwa sababu ambayo haiandikwi kwenye matangazo. Waya wa mfumo huu unavutwa kwa kipimo kilekile kinachotumiwa na baiskeli za milimani za Shimano za hadi gia 9. Maana yake, kibadili gia cha nyuma, kile kijimkono chenye vigurudumu viwili, ukikivunja unaweza kukichomoa kingine kwenye baiskeli ya mtumba ya gia na kikafanya kazi. Jihadhari na Tiagra 4700, nayo ya Shimano: ni ya gia 10, lakini waya wake unavutwa kwa kipimo cha gia 11, kwa hiyo haipatani na vipuri vya zamani vya gia 10.

Mahali kibadili gia kinapofungwa pana sikio dogo. Kwenye chuma mara nyingi sikio ni sehemu ya fremu, na likipinda linanyooshwa. Kwenye alumini na kaboni kwa kawaida ni kipande kinachobadilishwa, kila fremu na umbo lake. Agiza 2 za akiba pamoja na fremu, kabla modeli haijabadilika.

Usipake oili chafu ya injini kwenye mnyororo, hata fundi akikuambia ndiyo dawa. Inakamata vumbi na kutengeneza uji unaosaga meno. Tumia mafuta mepesi ya mnyororo, tone moja kwa kila kiungo, subiri, kisha futa yote yaliyobaki nje. Mara moja kwa mwezi chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya pini moja, hesabu nusu-viungo 24. Mnyororo mpya unasoma milimita 304.8. Wa gia 8 hadi 10 ubadilishe ukifika 307. Wa gia 11 au 12, ukifika 306.3. Ukichelewa, mnyororo uliorefuka unachonga kaseti kwa kipimo chake, na siku utakapofunga mpya utaruka meno kila ukisimama kukanyaga.